Jaketi, bawa au ya kukodi: BCD ipi inamfaa mzamiaji anayeishi Arusha au Moshi?

Mzamiaji wa Nungwi akiharibikiwa na BCD, kile kivazi cha kuelea majini, asubuhi, jioni huwa ameshaifikisha kwa fundi wa kituo cha mbizi. Mkazi wa Arusha au Moshi hana fundi huyo. Kutoka Arusha hadi Tanga ni safari ya kutwa ya basi kupitia Same, Korogwe na Segera, na Zanzibar na Mafia ni mbali zaidi ya hapo. Kifaa hufanya kazi siku chache Mnemba au Maziwe, kisha hulala kabatini miezi kadhaa, mara nyingi na chumvi yake ndani. Kwa mtu wa namna hii, ushauri wa kuchagua BCD kwa idadi ya mifuko na ulaini wa mabega haufiki mbali. Mimi naanza na maswali mawili: ikiharibika, nitaligundua tatizo nikiwa bado nyumbani? Na nikiligundua, mkono wangu au wa fundi wa mtaani utaliweza?

Kwa aliye mgeni kidogo, BCD ni kile kifaa unachovaa kinachoshika mtungi mgongoni na chenye kibofu cha kujaza na kutoa hewa, ili usizame kama jiwe wala usipae bila kutaka. Sokoni utakuta majina mengi, lakini kwa maisha yetu ya mbali na bahari uchaguzi ni wa njia tatu.

Jaketi ndilo wengi tulilofundishiwa. Kibofu kinatoka mgongoni kuja mbavuni na chini ya kwapa, na kila kitu kimeshonwa humo humo: mikanda ya mabega, zipu, mifuko, mara nyingi na vifuko vinavyochomoka vya risasi, yaani vile vipande vizito vya kukusaidia kuzama. Yapo pia majaketi ambayo hewa hukaa mgongoni peke yake. Majini hukuweka tofauti kidogo, ila kwa upande wa matengenezo nayahesabu kundi moja, kwa kuwa nayo ni mwili mmoja ulioshonwa.

Bawa ni mfumo wa vipande. Kuna bamba la chuma cha pua au alumini linalokaa mgongoni. Kuna mkanda mmoja mrefu wa nailoni, upana wa sentimita 5, unaopita kwenye matundu ya bamba na kuzunguka mabega na kiuno. Kisha kuna kibofu, cha duara au cha umbo la kwato, kinachokaa kati ya bamba na mtungi. Mfumo huu ulikuzwa na wazamiaji wa mapangoni, hasa wa Florida, watu ambao kifaa kikiwagomea hawawezi kupanda juu moja kwa moja kwa sababu juu yao ni mwamba. Ndiyo maana umepunguzwa mpaka ukabaki na yale tu yasiyoepukika.

Njia ya tatu ni kutonunua kabisa na kukodi kila unapofika pwani. Nitaifikia.

Kinachoharibika hasa

Ukiuliza mafundi wa vituo, malalamiko mengi ya BCD huishia kwenye inflata, kile kidude cha mkono wa kushoto chenye vitufe viwili. Hozi hukiletea hewa kutoka kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupumulia kinachopunguza presha ya mtungi, ikiwa na presha ya takriban bar 9 hadi 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Ndani kuna vali ndogo na springi: ukiminya kitufe vali inafunguka, ukiachia springi inairudisha. Maji ya bahari yakikaukia humo yanaacha chembe za chumvi, na chembe hizo huleta moja kati ya mabaya mawili. Ama vali haifungi sawasawa, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, nawe unashangaa mbona kila baada ya muda mfupi unaanza kuelea. Ama kitufe kinakwama kikiwa kimeminywa, na kibofu kinajaa chenyewe. Hili la pili ndilo la hatari, kwa maana mzamiaji anayepaishwa kwa kasi anaweza kuumia mapafu au kupata ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya gesi mwilini. Dawa yake ni kuchomoa hozi ya inflata huku unatoa hewa, na mikono inapaswa kuliweza hilo bila msaada wa macho. Kiunganishi kilichojaa chumvi na mchanga hakichomoki kirahisi.

Zinafuata vali za kutolea hewa, ya begani na ya chini upande wa nyuma. Angalau moja ya vali za BCD hujifungua yenyewe presha ikizidi, ili kibofu kisipasuke. Muundo wake ni kifuniko cha kuzungusha, springi na kisahani cha mpira, basi. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya kisahani hicho, hewa inavuja. Hozi ya mikunjo, ile inayounganisha inflata na kibofu, nayo huchanika kwenye mikunjo, au huchomoka pale inapobanwa kwa vibano vya plastiki. Kwenye BCD ambazo hutoa hewa kwa kuvuta hozi, kuna waya mwembamba ndani yake, na wanaobeba kifaa kwa kukining'iniza kwa hozi wanauchosha mpaka ukatike.

Kibofu chenyewe ni kitambaa cha nailoni kilichopakwa poliyurethani, na maungio yake hushikanishwa kwa joto badala ya uzi. Adui zake ni ncha kali, jua, na unyevu uliofungiwa mahali pa joto. Poliyurethani iliyohifadhiwa mbichi huanza kunata, kisha hubanduka, na ikifika hapo hakuna gundi ya kuirudisha.

Mpaka hapa jaketi na bawa ni sawasawa. Wote wana inflata, wote wana vali, wote wana kibofu. Anayekuambia bawa haliharibiki anakuuzia kitu.

Sindano ya fundi mabegi

Moshi ina kitu ambacho miji mingi ya pwani haina. Kwa sababu ya Kilimanjaro, wapo mafundi ambao kazi yao ya kila siku ni kufufua mabegi ya wapanda mlima: zipu zilizokufa, klipu zilizovunjika, mikanda iliyong'oka. Cherehani zao hupita kwenye nailoni nene bila kusita. Arusha nako biashara ya safari za mbugani imezaa washonaji wa mahema na viti vya magari ambao mkanda wa sentimita 5 ni kazi ya dakika chache. Huu ni utajiri kwa mzamiaji, ilimradi ajue cha kuwapelekea.

Mpelekee fundi huyo jaketi lililochanika mfuko au lililong'oka mkanda wa bega. Akiwa makini atalipapasa kabla ya kulipitisha kwenye mashine: "Kaka, hapa ndani pana nini, mbona panafutuka?" Hapo ndipo shida ilipo. Kwenye jaketi, kitambaa kinachobeba mzigo na kibofu kinachobeba hewa vimelaliana, na kutoka nje huwezi kuona kimoja kinaishia wapi. Sindano ikivuka milimita chache, umetoka na mfuko mzuri na kibofu chenye safu ya matundu. Fundi hana kosa, hajawahi kuona kitu hicho. Kwa jaketi, kazi salama za mtaani ni chache: kubadilisha klipu, kufunga upya mkanda wa kifuani uliotoka kwenye kitanzi chake, kushonea kipande pembeni ambako una hakika hakuna hewa.

Bawa limetenganisha mambo hayo mawili. Unachomoa mkanda kwenye bamba, unaukunja, unampelekea fundi, na kibofu kinabaki nyumbani kitandani. Ashone atakavyo. Na mara nyingi hata fundi hahitajiki, kwa sababu mkanda umefumwa tu kwenye matundu bila mshono hata mmoja: ukichakaa unakata mwingine wa urefu ule ule, unachoma ncha kwa kiberiti zisifumuke, unaufuma upya jioni moja ukiwa umekaa. Uwe nailoni ngumu. Mkanda wa usalama wa gari, ambao mafundi wengi watakupa kwa sababu wanao, ni laini mno na hujikunja kwenye matundu.

Tofauti hii ya kutenganisha kinachobeba mzigo na kinachobeba hewa ndiyo inayonifanya niegemee upande wa bawa, kuliko sifa zake zote za majini. Kibofu cha jaketi kikifa, umepoteza jaketi zima. Kibofu cha bawa kikifa, unaagiza kibofu. Bamba utawarithisha watoto.

Bawa lina udhaifu wake wa wazi. Kibofu kinakaa kati ya bamba na mtungi, vitu viwili vigumu, na ukifunga mtungi kwa haraka huku kitambaa kimejikunja, kinabanwa na kutoboka. Angalia kila mara kabla ya kukaza. Pia kuna mabawa ya tabaka moja na ya matabaka mawili. Ya matabaka mawili yana kibofu laini ndani ya ganda gumu lenye zipu, na yanastahimili miamba na vyuma vya meli zilizozama. Lakini mchanga na chumvi huingia kati ya matabaka na kukaa humo, hivyo inabidi ufungue zipu na kuosha katikati. Kwa mbizi za matumbawe ya kwetu, tabaka moja lenye kitambaa kizuri linatosha na linakauka upesi. Tundu dogo linazibwa na gundi ya mpira ya kuzibia nguo za mbizi, Aquaseal kwa mfano, ukiipaka kwenye kitambaa kikavu na kukiacha usiku mzima bila kukigusa.

Vipuri

Hapa jaketi za bei ya juu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kuliko za bei ya chini. Inflata ya bawa, na ya jaketi la kawaida, mara nyingi ni ya muundo wa jumla: inaingia kwenye hozi ya mikunjo na kubanwa kwa kibano cha plastiki. Unakata kibano, unatoa ya zamani, unaweka mpya, unabana. Ukiwa na inflata moja nzima ya akiba kwenye begi, tatizo kubwa kabisa la BCD limekuwa kazi ya dakika kumi kwenye veranda ya hoteli.

Sasa chukua mfumo wa i3 wa Aqua Lung. Umeondoa hozi ya mikunjo na kuweka wenzo mmoja ubavuni: juu unajaza, chini unatoa, na vali zote zinafunguka pamoja. Ukiwa mzima unapendeza, hasa kwa mwenye kuchanganya vitufe. Ukigoma, mezani kwako Njiro hakuna unachoweza kuufanya. Vivyo hivyo inflata zilizounganishwa na mdomo wa akiba wa kupumulia, kama Air 2 ya Scubapro. Zinapunguza hozi moja, ila zimekuwa nusu ya regyuleta, na zinadai huduma ya fundi mwenye mafunzo kama regyuleta yenyewe. Anayeishi karibu na kituo atafaidi. Sisi, hapana.

Onyo dogo kwa wenye akili ya gereji. Ndani ya kiunganishi cha hozi, na ndani ya inflata nyingi, kuna vali ya aina ya Schrader, jamaa ya ile ya tairi ya gari. Inafanana nayo kiasi kwamba mtu anaweza kushawishika kuazima moja kutoka kwa fundi pancha. Usifanye hivyo. Urefu wa kipini na nguvu ya springi si lazima vilingane, na tofauti ndogo hapo inatosha kuifanya inflata isiachie.

Mfuko wangu wa vipuri wa safari ni mdogo: inflata, vibano vya plastiki vya kutosha, oringi (pete za mpira) na visahani vya vali, mdomo wa inflata, grisi ya silikoni. Grisi ya gari na Vaselini havina nafasi humo, kwa kuwa mafuta ya petroli hulainisha na kuvimbisha baadhi ya mipira.

Risasi, na ukubwa wa kibofu

Kwa ufupi: vifuko vya risasi vya jaketi ni raha mpaka klipu ichakae. Kifuko kikichomoka chini ya maji umepoteza risasi na kifuko, na kifuko kinauzwa kwa modeli ile ile tu. Mkanda wa risasi wa kiunoni hauna cha kuharibika isipokuwa kifungio chake, na kila kituo cha pwani kinao. Bamba la chuma cha pua lenyewe lina uzito wa kilo 2.5 hadi 3, kwa hiyo linakupunguzia risasi za kufunga.

Kuhusu ukubwa, watu hununua kibofu kikubwa kwa kuogopa. Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 29, nguo ya mbizi ya milimita 3 inatosha, na vituo vingi hutumia mitungi ya alumini ya lita 11 au 12. Mtungi wa namna hiyo hubeba hewa yenye uzito wa kilo 2 na nusu hivi, na ukikaribia kuisha huanza kuelea wenyewe. Ukijumlisha hewa hiyo na wepesi unaopotea nguo ikibanwa na kina, mtu aliyejipima risasi vizuri anahitaji kilo chache tu za kumwinua. Kibofu cha kilo 13 kinamtosha na ziada. Kikubwa zaidi kinakupa eneo zaidi la kutoboka na pembe zaidi za hewa kujificha.

Anayefikiria kujaribu vifaa Ziwa Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, akumbuke mambo mawili. Maji baridi yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari: mtu na vifaa vyake vikifika kilo 100, risasi hupungua kwa kilo 2.5 hivi. Pili, uko juu ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na mahesabu ya kina na muda ya pwani hayafai hapo. Kwa kupima tu kama BCD inavuja, bwawa la kuogelea la hoteli linatosha.

Safarini

Kwa basi, uzito si hoja. Kwa ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Arusha pale Kisongo kwenda Zanzibar, ni hoja kubwa, maana kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa begi laini. Jaketi kamili linaweza kula kilo 3 hadi 4 za hizo. Bawa lenye bamba la alumini, ambalo lina uzito wa kilo moja hivi, linakuja karibu na hapo au chini kidogo, na linajifungua vipande vinavyolala bapa begini. Bamba la chuma cha pua litakugharimu, ingawa utalipwa kwa kupunguziwa risasi kule chini. Kwa anayeruka mara kwa mara ningesema alumini bila kusita.

Sasa kuna siku moja ambayo wengi huipoteza bure. Ushauri wa shirika la usalama wa wazamiaji la DAN ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi nyingi za siku moja au za siku kadhaa, kabla ya kuruka ndege zenye presha ya mwinuko wa mita 600 hadi 2,400. Watu hulikumbuka hilo kwenye ndege na kulisahau kwenye basi. Arusha ipo kwenye mita 1,400 hivi, Moshi kati ya 800 na 900. Miji yote miwili ipo ndani ya kiwango hicho hata ukienda kwa gurudumu. Kwa hiyo siku ya mwisho pwani huzamii, na hiyo ndiyo siku ya kuosha na kukausha.

Maji ya ndoo ya pamoja kituoni, ikifika alasiri, yameshakuwa bahari ndogo. Osha upya kwa maji ya bomba. Mimina maji safi ndani ya kibofu kupitia mdomo wa inflata au tundu la vali iliyofunguliwa, ongeza hewa kidogo, tikisa, pindua, toa kupitia inflata na kupitia vali ya chini, rudia mpaka ukionja matone usipate chumvi. Minya vitufe mara nyingi ndani ya maji ya uvuguvugu. Jiki usiiguse. Kwa jaketi kazi hii ni ndefu, maana lina mifuko, sponji na matabaka yanayoshika maji. Halikauki jioni moja msimu wa masika, na ukilifungia kwenye begi la safari lenye joto la buti ya basi, ukungu utakutangulia nyumbani. Bawa la tabaka moja unalifuta kwa taulo, unalining'iniza kivulini, na kesho yake ni kavu. Floraidi ya maji ya Arusha, iliyotia rangi meno ya wengi wetu, haidhuru nailoni, kwa hiyo asiyepata muda pwani amalizie nyumbani siku hiyo hiyo anayofika.

Ukifunga begi Tanga, usiache kibofu kimejaa. Hewa iliyofungwa usawa wa bahari ikipandishwa hadi Arusha hutanuka kwa karibu moja ya sita, na kilichojaa pomoni kitaanza kusukuma vali na maungio njia nzima.

Miezi ya kabatini

Hapa BCD nyingi za bara hufia, na hapa aina haijalishi sana. Ihifadhi ikiwa na hewa nusu ili kuta za ndani zisigandane, kwenye hanga pana, kivulini, mbali na mafuta ya taa na petroli. Vumbi la kiangazi ni jepesi na hupenya kila mahali, kwa hiyo ifunike kwa shuka la pamba. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu. Ziba mdomo wa inflata kwa kitambaa, vinginevyo wadudu watahamia. Panya nao hupenda mpira kuliko tunavyodhani.

Kila baada ya miezi kadhaa, na lazima wiki mbili kabla ya safari, jaza kwa mdomo mpaka ikaze na uiache usiku kucha. Mwezi wa Julai Arusha usiku ni baridi, na hewa iliyojazwa mchana itasinyaa kiasi ifikapo alfajiri, kwa hiyo ikilegea kidogo usishtuke. Ikiwa imenywea kabisa, jaza tena, izamishe kwa sehemu kwenye beseni au ipake povu la sabuni, ufuate mapovu. Yakitoka kwenye vali, ifungue, isafishe, irudishe. Yakitoka kwenye kitambaa, unayo wiki mbili za gundi.

Jaribio hili halikuambii kitu kuhusu vali ya kujazia, maana hiyo hupimwa kwa presha ya mtungi. Siku ya kwanza kituoni, kabla ya kupanda boti, unganisha hozi kibofu kikiwa kitupu, kaa nayo robo saa. Ikianza kufura bila wewe kugusa, inflata ya akiba inatoka begini.

Watengenezaji wengi hushauri ukaguzi wa fundi kila mwaka. Njia rahisi kwetu ni kuiacha kituoni siku ile ya kusubiri kupanda juu, pamoja na regyuleta.

Je, ukodi tu?

Kwa anayeshuka pwani mara moja kwa mwaka, ndiyo. Sioni sababu ya kutunza kibofu miezi kumi na moja kwa ajili ya wiki moja, na BCD inayofanya kazi kila siku kwenye kituo makini huwa na afya kuliko yako iliyosahaulika kabatini. Nunua barakoa inayokutosha na kompyuta ya mbizi, uishie hapo. Ila BCD unayokodi ikague kama mali yako: jaza, sikiliza, vuta kila vali, minya kitufe cha kujaza kidogo uone kinaachia papo hapo, tazama vibano vya hozi ya mikunjo, hakikisha mkanda wa mtungi umeloweshwa kabla ya kukazwa, kwani nailoni hulegea ikilowa. Kituo kinachonuna ukifanya hivyo kina jibu lake.

Anayeshuka mara mbili tatu kwa mwaka, au anayeshika njia ya kuwa kiongozi wa mbizi, anunue bawa: bamba la alumini, kibofu cha tabaka moja, inflata ya kawaida. Bei ya seti nzima huangukia karibu na jaketi la kati, na baada ya hapo unanunua kipande kimoja kimoja. Itakubidi ukae na mtu anayejua ili urekebishe mkanda uendane na mwili wako, na safari ya kwanza utaona bamba ni gumu. Kama tayari una jaketi zima, usiliuze. Lisafishe ipasavyo, tafuta inflata ya akiba ya modeli yake wakati bado inatengenezwa, na uhamishie risasi kwenye mkanda wa kiunoni.

Jaketi jipya ningelishauri kwa mtu mmoja tu: yule ambaye mkanda mgumu na bamba vinamuumiza mgongo au bega, au ambaye hatafungua vali hata akifundishwa. Huyo achukue lenye vipande vichache na inflata ya kawaida, la kampuni ambayo kituo anachokitembelea kinaihudumia.

Arusha kuna soko zuri la mitumba ya vifaa hivi, kwa kuwa wageni waliofanya kazi hapa miaka miwili mitatu huuza kila kitu wanapoondoka. Bei huwa tamu. Nusa ndani ya mdomo wa inflata, papasa kibofu kama kinanata, fungua vali ya chini utazame kama kuna chumvi nyeupe. Kisha omba kwenda nayo nyumbani ikalale imejaa, hata kwa kuacha amana, na muuzaji akikataa mwachie mali yake.